Nyasi za Melkiori Kwenye Mti wa Hondohondo

Vijana, kwanza mniondolee hilo jina la mtaalamu. Aliyewaambia kwamba mzee Anselimi wa Ntobeye ni mtaalamu wa misitu na ndege aliwadanganya. Mimi nilikuwa mpiga rangi. Nilipiga rangi miti. Nilikuwa na ndoo, brashi na baiskeli isiyo na breki, na kwa vitu hivyo vitatu nilijiona nimekaribia sana kuwa serikali.

Nyie mmeajiriwa kuangalia miti na viota, na mna simu zinazowaambia mlipo hata mkiwa mmepotea. Hongereni. Mimi sina cha kuwafundisha ila makosa yangu, nayo ninayo mengi, yamekaa vizuri, hayajaoza. Chukueni mnayoyapenda.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Vilima vyetu hivi, kuanzia huku Ngara hadi unapoelekea Biharamulo, vilijaa watu ghafla. Watu wakikaa lazima wapike. Waligawiwa mahindi na maharage, lakini maharage makavu hayaivi kwa sala, yanataka kuni. Basi miti ikaanza kuondoka, kilima baada ya kilima. Ndipo tukaajiriwa sisi wa ndoo. Sheria ilikuwa fupi: mti wenye pete nyeupe shinani usiguswe. Usio na pete, hasa uliokwisha kufa, ruksa.

Na nani alichagua upi uvae pete? Mimi! Mungu anisamehe, nilitembea porini kama kaka wa bwana harusi aliyetumwa kutafuta mchumba. Mninga ulionyooka, wenye majani mazito na gome safi, nikauvika. Mti wa mtundu, mnene, nikauvika. Ile miti mizee iliyokufa ikiwa wima, imejaa mashimo, nusu imeoza, niliipita bila hata salamu. Watu wa kambini wakaniita Bwana Rangi, nami nikaitika kwa kifua mbele.

Kosa la kwanza la kukumbukwa ni la chokaa. Mwanzoni tulitumia chokaa, na Bwana Miti, mkubwa wetu wa kazi, alinielekeza niikoroge iwe nzito. Nzito inachosha mkono. Nikaongeza maji, kazi ikaenda mbio, nikamaliza kilima kizima kabla ya saa ya kula. Usiku ikanyesha. Asubuhi kilima kilikuwa hakina pete hata moja, na watu wenye mashoka walikuwa wamewahi kuliko mimi. Kila niliyemzuia aliniuliza kwa adabu, "Bwana Rangi, pete iko wapi?" Ukazuka ugomvi, huyu anasema mti ulivikwa, yule anasema haukuvikwa. Wengine wakadai wapiga rangi tunaongeza pete kwa siri ili baadaye tuiuze miti hiyo kimagendo. Bwana Miti akaweka sheria mpya: rangi iwe ya mafuta, na pete mpya isipigwe kabisa ila kwenye mkutano wa hadhara, wazee wa kambi wakiona. Sheria hiyo ilizaliwa na uvivu wangu. Ishikeni kichwani, itanirudia.

Baada ya hapo Bwana Miti alinipunguzia kazi ya rangi akanipa ngazi. Alikuja mtafiti kutoka chuo, Dada Konsolata, binti mfupi mwenye kofia kubwa, aliyetaka kujua ndege wanaishije wakati miti inaondoka. Nikawa mbeba ngazi wake. Najua mmezoea hadithi ambazo msomi anafika kijijini na kuumbuliwa na mwanakijiji. Hii siyo. Mwanakijiji ndiye aliyeumbuka, kila siku, kabla ya chai.

Siku moja nilimwonyesha kiota cha kanga. Kiota gani! Alikuwa amekwangua chini tu kwenye nyasi akajaza mayai. Nikasema, "Dada, huyu mama ni mvivu. Hajajenga, halafu anazaa ovyo."

"Anselimi," akasema, "hapa chini nani anapita?"

"Nyoka. Nguchiro. Mbwa."

"Basi vifaranga wake wanaanguliwa macho wazi, na siku hiyohiyo wanakimbia na kujidonolea wenyewe. Kwa kuwa mama hawalishi mdomoni, anaweza kutaga wengi. Na kwa kuwa wengi wataliwa, inambidi."

Hatua chache mbele tukaona kiota cha njiwa juu ya tawi, vijiti vichache vilivyolazwa hovyo, ukisimama chini unayaona mayai yote mawili. Nikadakia, "Basi mvivu ni huyu!"

Alicheka. "Njiwa kila akitaga ni mawili tu. Yakiporwa leo, baada ya muda mfupi anajenga tena na kutaga tena. Hatumii nguvu nyingi kwenye kiota ambacho kila mwewe anakiona. Usiwapime kwa uvivu, Anselimi. Pima mahali wanapolelea. Hakuna aliyekaa akaamua. Ni vizazi na vizazi: walioishi kwa namna iliyofaa pale walipo waliacha wajukuu, wengine hawakuacha."

Nilielewa nusu. Kwa mtu kama mimi, nusu ndiyo hatari, kwa sababu inatosha kuhutubia.

Sasa nije kwa Melkiori. Alikuwa mkimbizi, mwanamume mrefu mkimya, seremala huko kwao. Mkewe Daforoza alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza kwenye hema la turubai, na mvua za mwanzo zilikuwa zimeingia. Mnajua mzazi anahitaji nini: maji ya moto, uji, moto usizimike. Kuni zilikuwa zimeshakuwa mbali, na pale kambini kulikuwa na desturi moja waliyojitungia wenyewe. Ukiona mti mkavu unaokufaa na huwezi kuukata wote siku hiyo, unafunga fundo la nyasi mbichi kwenye shina. Nyasi zikiwa mbichi, mti ni wako, hakuna atakayeugusa. Zikikauka hujarudi, umeupoteza. Watu walioacha nyumba, mashamba na ng'ombe waliheshimiana kwa fundo la nyasi. Mimi niliyekuwa na nyumba sikuwahi kuheshimu hata zamu ya kisimani.

Melkiori alikuwa amefunga nyasi kwenye mninga mzee uliokufa, mmojawapo wa ile niliyoinyima salamu. Nilimkuta ananoa shoka. Ili nionekane nina kazi, nikaugonga mti kwa kiganja. "Huu kata tu, ndugu yangu. Umekufa kabisa. Hauna uhai hata kidogo."

Akainua shoka. Hapohapo akatua hondohondo, yule ndege wa kijivu mwenye mdomo mkubwa uliopinda, ana kiwavi mdomoni. Hakutushughulikia. Alining'inia kwenye shina, akagonga mara mbili. Juu ya vichwa vyetu palikuwa na shimo lililozibwa kwa udongo mkavu, ukabaki ufa mwembamba kama wa sanduku la sadaka. Kwenye ufa ikatoka ncha ya mdomo mwingine, ikachukua kiwavi, ikarudi ndani.

Melkiori akashusha shoka. "Bwana Rangi," akasema taratibu, "mbona mti unakula?"

Nikamjibu kwa sauti ya ofisi kwamba ndege huyo ana wazimu na aendelee na kazi. Hakuendelea. Aliniangalia, akaangalia ufa, akasema, "Hapana. Kwanza tumuulize yule dada."

Dada Konsolata alikuwa safarini, angerudi kesho yake kwa basi hadi Nyakanazi, na mimi nilikuwa nimetumwa hukohuko kuchukua rangi. Nikawahi kufika. Nikakaa kwa mama ntilie pale njia panda, madereva wa malori wamejaa mabenchini wanasubiri chai, na ile nusu yangu ya elimu ikaanza kuniwasha. Njiani kote nilikuwa nimewaza, nikapata jibu mwenyewe. Nikasimama.

"Jamani, kuna ndege kule kwetu ana wivu, mtashangaa! Anamfungia mke ndani ya mti kwa udongo, anamwachia kaufa ka kupitishia chakula, basi. Haendi sokoni, haendi kwa jirani!"

Madereva wakapiga meza. Mmoja akasema huyo ndege apewe uenyekiti wa kijiji. Mama ntilie hakucheka. Aligeuza chapati akauliza, "Wewe ulimwona akimfungia?"

"Sikumwona, ila inaeleweka."

"Kula chapati, baba. Inapoa."

Nilipogeuka, Dada Konsolata alikuwa amesimama nyuma yangu na begi lake, kofia imempinda, anacheka mpaka akakaa juu ya begi. Sikuwa nimelisikia basi. "Anselimi," akasema akifuta machozi, "anayefunga ni mama mwenyewe! Anaingia, anaziba kutoka ndani. Na huyo baba unayemsingizia hatapumzika, atatafuta chakula cha wote mpaka akonde." Mabenchi yalilipuka upya, safari hii kwa ajili yangu. Nilibeba rangi yangu nikaondoka bila kumaliza chapati, na nawaambia ilikuwa chapati nzuri.

Tulifika kwenye mti Melkiori akiwa ameketi shinani. Nyasi zake alikuwa amezibadilisha, mbichi. Alimwamkia Dada, akauliza alichotaka kujua. Dada akamweleza, nami nikasikiliza safari hii mdomo umefungwa. Kigogota ana mdomo wa kutoboa, hondohondo hana. Anahitaji shimo lililokwisha kuwepo, na shimo la kumtosha huwa kwenye mti mzee, mara nyingi uliokufa. Mle ndani nyoka na nguchiro hawapenyi kirahisi, kwa hiyo mama hana haraka. Anataga, anaatamia, na wakati huohuo anayaangusha manyoya ya mbawa na mkia, yaote mapya. Vifaranga wanazaliwa uchi, wanakua polepole.

"Kanga anaishi kwa kuwahi," akasema Dada. "Hondohondo anaishi kwa kujificha. Lakini maficho yake yote ni mti mmoja."

"Nikikata," Melkiori akauliza, "hawezi kuruka?"

"Hawezi. Hana manyoya ya kurukia."

Melkiori akauangalia ufa. "Mke wangu naye yuko ndani na mtoto," akasema. "Jana uji haukuiva. Alikunywa unga na maji."

Nilitamani mti ule usiwe wake, na kumbe ni mimi niliyeuacha bila pete. Dada akaniuliza miti mingapi ya namna ile nimeivika pete. Nikasema hakuna. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama naweza kuuvika huo mmoja.

Ndiyo ile sheria sasa. Nilikwenda kwa Bwana Miti, na kabla sijamaliza sentensi alikuwa ameinua mkono. "Anselimi. Wewe. Pete mpya. Baada ya ile chokaa?" Akaniambia nisubiri mkutano ujao, na mkutano ujao ulikuwa mbali.

Kilichobaki kuulinda mti ni nyasi za Melkiori. Akiendelea kuzibadilisha, hakuna wa kuugusa. Lakini nyasi haziivishi uji, na mwenye fundo kwenye mti mmoja haruhusiwi kufunga kwenye mwingine. Akauliza, "Ni muda gani?" Dada akasema mpaka vifaranga watoke, mvua zikiwa zimeshika kweli. Nami, kwa kutaka nionekane mtu mbele ya yule dada, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kuni nitaleta mimi."

Kuni zipi? Za mke wangu Yudita! Zilipangwa chini ya upenu nyumbani, kavu, nzuri, kazi ya mgongo wake. Kesho yake alfajiri akiwa shambani nilifunga mzigo kwenye baiskeli nikateremka. Nimewaambia haikuwa na breki. Kwenye kizuizi cha barabarani walinzi waliniona ninavyokuja wakainua mti wa kizuizi kwa usalama wao, wakanikamata ng'ambo nilikoangukia. Mpiga rangi wa misitu, na mzigo wa kuni, anaelekea kambini! Walinikalisha juu ya mzigo wangu kando ya barabara wakamwita Bwana Miti. Kila mwanafunzi aliyepita alinipa shikamoo, nami nikaitika marahaba nikitazama viatu vyangu.

Bwana Miti alipofika nikaeleza: kuna ndege, ni mama, yuko ndani ya mti, hana manyoya, na kuna mama mwingine ndani ya turubai. Walinzi walicheka hadi mmoja akashikilia nguzo. Bwana Miti alinikazia macho kwa muda, akasema, "Mwachieni. Mwizi angekuja na uongo mzuri zaidi ya huu."

Yudita sikumwambia. Nilifikiri hataona. Mwanamke asione kuni zake! Siku ya tatu alinisimamia mlangoni, mikono kiunoni. "Baba Joni, kuni zangu zinatembea zenyewe?"

Nikamweleza yote. Niliposema habari za ndege alinitazama kama mtu wa kupelekwa hospitali. Niliposema habari za Daforoza, akauliza, "Mtoto wa kwanza?" Nikasema ndiyo. Akaingia ndani. Alirudi na mkungu mdogo wa ndizi na kitenge kimoja, akavifunga juu ya mzigo yeye mwenyewe, kwa kamba iliyokaza kuliko zangu zote. "Na ushuke kwenye mteremko," akasema. "Usukume."

Tukaishi hivyo. Mimi nasukuma kuni, Melkiori anafunga nyasi, hondohondo baba analeta viwavi, na kati yetu watatu ndege ndiye aliyekuwa mwajiriwa bora. Nilijifunza mambo ambayo nawapa nyie bure. Mti wenye familia ndani una dalili chini: mbegu, mabawa ya wadudu, kinyesi kilichorushwa kupitia ufa kikachora mstari kwenye gome. Angalieni chini kwanza kabla ya kuangalia juu. Na msigonge kwa kiganja halafu mkatoa hukumu.

Kisha siku moja nikakuta ufa umebomolewa na mama yuko nje kwenye tawi, manyoya mapya yanang'aa. Nikakimbia hadi kambini kwa furaha. "Melkiori! Wametoka! Lete shoka!" Akaja na shoka, polepole, Daforoza nyuma yake na mtoto mgongoni. Tulipofika, shimo lilikuwa linazibwa. Kutoka ndani, kwa vidomo vidogo, vifaranga walikuwa wanakandika udongo wenyewe.

Daforoza ndiye aliyecheka kwanza. "Bwana Rangi, hawa wamesikia unakuja!"

Kumbe mama hutoka mapema ili amsaidie baba kutafuta, na watoto wanajifungia tena. Dada Konsolata alikuwa ameniambia hayo. Ile nusu nyingine.

Hatimaye walitoka kweli, mmoja mmoja, wakaparamia matawi kwa aibu ya ugeni. Nilihakikisha. Nilipanda ngazi nikachungulia, shimo tupu. Mkutano ulikuwa bado haujaitwa. Nikamwendea Melkiori nikamwambia, safari hii nikiwa na hakika, "Sasa ni wako. Kata. Umesubiri vya kutosha."

Alikuwa anasuka kamba ya magome mbele ya turubai. Akauliza, "Dada alisema wanarudi kwenye shimo hilohilo?"

"Mara nyingi. Mashimo ni machache."

Akaendelea kusuka. "Basi uache," akasema. "Mimi ninajua nitakachokuta nikirudi kwangu. Siwezi kumfanyia mwingine hivyo."

Nilikaa naye hapo chini mpaka kamba ikaisha.

Aliendelea kufunga nyasi. Kuni alitafuta mbali zaidi, jani kwa jani na kijiti kwa kijiti, na Yudita hakuacha kunipakia mzigo. Mkutano ulipoitwa mwishowe niliuvika pete mbele ya wazee wa kambi, na mingine ya mashimo niliyoonyeshwa na Dada, rangi nzito, nimekoroga mpaka mkono ukauma. Melkiori alitazama pete, akashukuru, na bado akafunga nyasi juu yake. Alikumbuka chokaa.

Kambi ilipofungwa watu waliondoka kwa miguu, mabegi na magodoro vichwani, barabara nzima, siku na siku. Nilisimama kando nikiwatafuta Melkiori na Daforoza katika nyuso zile. Sikuwaona. Jioni nilikwenda kwenye mti. Fundo la nyasi lilikuwa shinani, bichi kabisa. Alikuwa amepita asubuhi hiyo, na mzigo wake wote mgongoni, akafunga la mwisho.

Mvua zilizofuata mama aliingia shimoni, akaziba. Sikuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa Yudita. Vilima vilikuwa tupu, hakuna mwenye shoka kwa mwendo wa nusu siku, na Yudita alinikuta pale nimepiga magoti nafunga nyasi mbichi kwenye mti ambao hakuna aliyeutaka. Akaniuliza namzuia nani. Nikamwambia simzuii mtu.

Basi ndiyo hayo, wanangu. Mti upo, ule pale, mnaweza kwenda na simu zenu. Ndege alirudi akakuta nyumba yake. Melkiori sikupata kusikia kama alikuta ya kwake.